Jiwe la Mzaliwa wa Rouen

Kabla hujagusa patasi, andika kwa chaki. Nawaambia ninyi mnaoanza sasa kazi ya kuandika makaburi, kwa sababu naona imekuwa nyepesi. Herufi zinakuja zimekwisha kukatwa na mashine, mnazibandika juu ya marumaru, jioni mnafunga banda na kwenda kuoga. Siwalaumu. Mimi niliacha kazi kwa sababu kifundo cha mkono wa kulia kilikataa nyundo, na kama herufi za kubandika zingekuja mapema labda kifundo hicho kingekuwa kizima mpaka leo. Lakini chaki msiiache, na nitawaeleza sababu.

Aliyenifundisha ni Fundi Athumani, aliyekuwa na banda Kirumba, mjini Mwanza. Alikuwa mtu wa mjini wa siku nyingi: baba yake wa Ujiji, mama yake wa Kisesa. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na kwa imani yake kaburi halihitaji mapambo. Hata hivyo Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa akichonga misalaba na majina ya watakatifu. Watu walipomtania, alijibu kwamba kaburi lake halitaandikwa kitu, ndiyo maana aliweza kuandika ya wenzake bila wivu.

Kanuni yake ilikuwa hii. Maneno yote yaandikwe kwanza kwa chaki juu ya jiwe lenyewe, palepale kaburini. Kisha fundi ayasome kwa sauti mbele ya wafiwa, ili na wasiojua kusoma wayasikie. Akimaliza, asiulize kama wameridhika. Aweke vyombo chini, akae, aombe maji ya kunywa.

Nilipokuwa mgeni nilidhani Fundi anasikia kiu. Baadaye alinieleza. Mfiwa hampingi mtu aliyesimama na patasi mkononi, maana anaona kazi imeshaanza na hataki kuonekana mkorofi mbele ya marehemu. Ukikaa chini na kuomba maji, kazi imesimama, wewe umekuwa mgeni, na wao wamekuwa wenyeji. Maji yanapofuatwa, watu wanaanza kunong'ona. Kama pana neno la kusemwa, litasemwa kabla hujarudisha kikombe.

Niliona faida yake huko Misungwi. Ndugu wawili walikuwa wamemzika baba yao, na jiwe lilisema alizaliwa Mwanza mjini. Mkubwa alikuwa mfanyabiashara na ndiye aliyetaka hivyo. Tulipokaa kungoja maji, shangazi yao alitoka jikoni na kusema kwamba yeye ni mkubwa kwa marehemu, alimbeba mgongoni, na hakumbuki kumbeba mjini. Yule mkubwa alisema mji una heshima zaidi. Shangazi akamwambia, "Basi nenda ukamzae baba yako huko mjini, sisi tukusubiri." Chaki ilifutwa kwa kitambaa. Ingekuwa imeshachongwa, tungehitaji jiwe jingine au kesi ya ukoo.

Katika kazi hii nimegundua kwamba watu hawagombani sana juu ya siku ya kufa, kwa kuwa wengi waliiona. Wanagombana juu ya mahali pa kuzaliwa.

Kuhusu jiwe lenyewe nitasema machache. Mawe ya Mwanza ni magumu, lakini sehemu kubwa ya yanayouzwa yamepasuliwa kwa moto. Wapasua kokoto wanawasha matairi juu ya mwamba mpaka unaachia. Jiwe la namna hiyo uso wake umeshaungua. Ukichonga herufi, baada ya masika mawili zinabanduka kama ngozi ya mtu aliyebabuka. Ligonge kwa nyundo ndogo usikilize. Likilia kama kengele, chukua. Likitoa sauti ya kopo lenye udongo, waachie wajenzi wa misingi. Kama wateja hawana jiwe, mimina bamba la saruji, na usianze kuandika mpaka ubonyeze kwa kidole gumba na kidole kitoke kikavu. Ukiwahi, herufi zinavimba. Ukichelewa, zinameguka. Hakuna saa inayoweza kukuambia, kidole kinatosha.

Saruji nayo ina historia. Nilipoanza ilipatikana kwa kibali, na nimewahi kuona kaburi la mtu mzito likingoja mfuko mmoja tangu kiangazi mpaka mvua. Ulipoingia wakati wa soko huria, saruji ikajaa madukani, zikaja rangi za dhahabu, zikaja picha za marehemu zilizochomwa juu ya vigae. Viwanda vya minofu ya sangara vikasimama ufukweni, ndege za mizigo zikawa zinashuka Mwanza, na watu waliopata fedha ya samaki wakataka makaburi marefu kuliko nyumba walizozaliwa. Kwetu mafundi kazi iliongezeka. Kwa watu wa mialoni, kule mitumbwi inakotua, ilipungua, kwa sababu ufukwe uliokuwa wa kila mtu ulianza kupata wenyewe.

Nyakasela ni kijiji cha ufukweni kaskazini ya mji. Wanaume walivua, wanawake walianika dagaa juu ya mchanga wa mwalo. Kampuni moja iliomba eneo lile ijenge kiwanda. Vibanda vilishapimwa, mihogo ilishahesabiwa kwa ajili ya fidia, na kilichobaki katikati ya eneo ni kaburi moja la zamani lenye msalaba wa mbao uliooza. Alilala hapo mtu aliyeitwa Bruda Remi, mtawa wa Kifaransa, aliyefika wakati wa ukoloni na kufa kabla ya Uhuru. Alikuwa fundi wa mitumbwi. Aliwafundisha watu wa pale kuunga mbao kwa misumari na kuziba kwa pamba na mafuta, na kwa muda mrefu mtumbwi wa Nyakasela ulitambulika kwa pua yake hata ukiwa mbali.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Mabula, mtu mwepesi wa mipango. Alinifuata bandani akasema anataka jiwe la Bruda haraka, kabla afisa ardhi hajaja kupitisha ramani. Nilimuuliza haraka ya nini kwa mtu aliyelala miaka yote hiyo bila jiwe. Akanieleza kuhusu mama wa Kifaransa.

Mama huyo aliitwa Odile. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, anavaa kofia ya ukindu, na alitoka Rouen, mji wa kale wa Ufaransa ambao wenyewe huutamka Ruan na wazee wa Nyakasela waliuita Ruani. Alikuwa akiandika kitabu cha watu mashuhuri waliozaliwa katika mji huo. Wengi walishajulikana, kwa hiyo yeye alitafuta waliosahauliwa, wale waliozaliwa Rouen na kufia mbali. Mmoja wao, kwa dalili alizokuwa nazo, ni Bruda Remi. Alikuwa amemwambia Mabula kwamba mtu akiingia katika kitabu chake, meya wa mji wao huandikia serikali ya huko alikozikwa kuomba kaburi litunzwe.

Mabula aliposikia hivyo aliona njia. Kaburi likitunzwa, kiwanda hakiwezi kupita juu yake. Kiwanda kisipopita, mwalo unabaki. Kwa hiyo aliagiza jiwe liandikwe maneno matatu makubwa na moja dogo: MZALIWA MASHUHURI WA ROUEN.

Nilichagua jiwe zuri Igoma, ambalo halikuguswa na moto. Tukalisafirisha kwa gari la mchanga, na kwa siku kadhaa nilifanya kazi ya kulisawazisha pale pale Nyakasela. Mama Odile alikuja kila asubuhi kutoka mjini kuuliza wazee habari za Bruda, na wazee walipochoka kuulizwa alikuja kukaa karibu na mimi. Alizungumza Kiswahili cha Kongo, kwa sababu ujanani alifundisha Bukavu. Watu wa pale walikuwa wakikusanyika kumsikiliza tu.

Mimi sikusoma sana shuleni, lakini nimesoma kila kitabu kilichopita mkononi mwangu, na nilimuuliza mtu anakuwaje mashuhuri. Alinitajia baadhi ya watu wake. Mtengeneza kengele ambaye kengele zake bado zinalia katika visiwa ambavyo hakuwahi kufika. Mwanamke aliyechora samaki wa mto mmoja wa Amerika mpaka akapofuka. Daktari aliyetibu homa ya manjano na kufa kwayo. Mpishi wa meli aliyewafundisha mabaharia kusoma. Alisema kitu kilichomshangaza ni kwamba mji ule unazaa watu na mahali pengine ndipo panapowazika. Nikamwambia kwamba kwa hesabu hiyo Rouen ni kama wilaya zetu na Mwanza mjini.

Nilimuuliza pia anafanyaje mtu akigombewa na miji miwili. Akasema jambo hilo lilikwisha kutokea. Palikuwa na mtu mmoja ambaye Rouen yote ilimpenda, hata barabara alipewa, lakini Mama Odile aligundua kuwa mtu huyo alizaliwa kijiji cha jirani. Akamtoa kitabuni. Diwani mmoja mpaka leo hamsalimii.

"Kama mutu haiko wa ndani ya muji," aliniambia, "haiko mu kitabu."

Nilimwelewa. Mtu wa kazi yangu hawezi kumlaumu mtu wa namna hiyo.

Jiwe likawa tayari. Niliandika kwa chaki, na Mabula akakusanya watu. Nikasoma kwa sauti: jina, kazi yake ya mitumbwi, kisha mzaliwa mashuhuri wa Rouen. Watu wakapiga makofi. Mabula alikuwa ameshaniambia nisipoteze muda, lakini nilikuwa na mazoea yangu. Niliweka vyombo chini, nikakaa juu ya mfuko mtupu wa saruji, nikaomba maji ya kunywa.

Aliyeyaleta ni Bibi Minza. Alikuwa mwanamke mzee kuliko wote pale, mrefu, na baba yake ndiye aliyekuwa mshirika wa Bruda katika mitumbwi. Mama Odile alishamuuliza mambo mengi, lakini aliuliza Bruda alikuwa mtu wa namna gani, anakula nini, anaimba nini. Kuhusu alikozaliwa aliwauliza wanaume, na wanaume wote walisema Ruani, maana ndivyo walivyomsikia Bruda mwenyewe akisema.

Bibi Minza alinipa kikombe, akasimama akilitazama jiwe ambalo hawezi kulisoma.

"Fundi, umesema kazaliwa Ruani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hakuzaliwa Ruani."

Mabula aliharakisha kucheka, kama mtu anayefunika sufuria. "Bibi, tumeomba maji, hatukuomba habari."

"Nimewaletea vyote viwili."

Akaeleza bila haraka, na watu wakamsogelea. Baba wa Bruda alikuwa na chombo kirefu cha mtoni cha kubebea mawe ya chokaa, na familia yote iliishi ndani yake. Mama yake alishikwa na uchungu wakiwa safarini. Walitaka sana kufika mjini, minara ya makanisa ilikuwa inaonekana kwa mbele, lakini mtoto hakungoja. Alizaliwa juu ya maji, katikati ya mizigo, na kitovu chake kikatupwa mtoni. Bruda aliyasimulia hayo jioni moja nyumbani kwa baba yake Minza, akicheka, wakati wanakula. Bibi yake Minza alipotafsiriwa habari ya kitovu aliacha kula. Kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa nyumbani, na mtu huulizwa kitovu chake kiko wapi kama vile anavyoulizwa jina. Ndiyo maana Minza, aliyekuwa msichana, hakusahau. Mengine ya Bruda yalimpita, hilo lilibaki.

"Mbona yeye mwenyewe alisema Ruani?" Mabula aliuliza.

"Wewe ulipokwenda mkutano Dodoma ulisema umetoka wapi?"

"Nilisema Mwanza."

"Umeona? Nawe umezaliwa hapa kwenye matope ya Nyakasela, tena aliyemshika mama yako ni mimi. Watu wa mbali unawatajia mji wanaoujua."

Watu walicheka, lakini si wote. Wanawake wa dagaa walikuwa wameelewa kwamba mwalo ndio unaokwenda, na walimtazama Bibi Minza kwa namna isiyo ya kicheko. Mmoja aliniambia baadaye kwamba siku ile alitamani kikombe kile cha maji kingepasuka njiani.

Mama Odile alikuwa amekaa juu ya jiwe dogo. Aliuliza swali moja tu.

"Mbele ya kufika muji, ao nyuma ya kutoka?"

"Mbele ya kufika," Bibi Minza alisema. "Hawakufika."

Mama Odile akatueleza. Alijua kanisa ambamo Bruda alibatizwa, lilikuwa ndani ya Rouen. Lakini ushahidi wa kuzaliwa kwake mjini aliutafuta miaka mingi na hakuupata, na hakujua kwa nini. Ndiyo sababu alisafiri mpaka Mwanza. Sasa alijua. Hakuwa na huzuni nilivyomwona. Alikuwa kama mtu aliyepata funguo za nyumba ambayo si yake.

Mabula alimsogelea akazungumza kwa upole. Alimkumbusha kuhusu kiwanda, akamwonyesha mchanga uliojaa dagaa, akamwomba afikirie wanawake wale. "Mama, ni neno moja tu juu ya jiwe. Nani atatoka Ufaransa kuja kupima?"

"Miye," alisema Mama Odile. "Miye nimekuya."

Aliniomba kitambaa. Nilidhani anataka kujifuta jasho. Aliinama, akafuta mwenyewe mstari wa mwisho, kwa utaratibu, herufi baada ya herufi, mpaka jiwe likabaki na jina na kazi. Kisha akamshukuru Bibi Minza kwa mikono miwili, akaniambia niandike jina la mto badala ya mji, akaondoka. Hakurudi Nyakasela tena.

Nitawaambia mambo yalivyokuwa kijijini baada ya hapo, kwa sababu msidhani ukweli ukisemwa watu wanashangilia. Bibi Minza hakutembelewa. Wanawake waliacha kupitia kwake kwenda mwaloni. Mabula aliniomba nichonge Rouen hivyo hivyo, mama ameshaondoka. Nilimjibu kwamba siwezi kuchonga maneno yaliyopingwa kwa maji. Aliniambia nina ushirikina wa Kirumba. Sikubishana naye, nililala mjini, na kazi ikasimama.

Siku ya afisa ardhi nilikuwepo kwa sababu nilikwenda kuchukua vyombo vyangu. Afisa alikuwa kijana, Mjita wa upande wa Musoma, mpole lakini mwenye haraka. Alifuatana na mwakilishi wa kampuni, aliyevaa viatu vyeupe visivyofaa mchanga. Walizunguka eneo, wakafika kaburini. Afisa akauliza mkutano swali ambalo sheria inamtaka aulize: ndugu wa marehemu ni nani, ili waelezwe kuhusu kuhamishwa kwa kaburi na watoe ridhaa.

Bruda ni bruda, hana mke wala mtoto. Watawa wenzake walishaondoka zamani. Kama angeandikwa wa Rouen, Mabula angesema ndugu zake ni mji mzima. Sasa hapakuwa na ndugu wa kutaja, na mwakilishi wa kampuni alishaanza kufunga begi.

Bibi Minza alinyanyuka kutoka nyuma, alikokaa peke yake.

"Andika sisi."

Afisa alimwamkia kwanza. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Andika sisi."

"Ninyi ni nani wake, Bibi?"

"Tulinyoa."

Afisa aliweka kalamu chini. Mwakilishi wa kampuni alimuuliza kwa sauti ndogo kunyoa kuna uhusiano gani na ramani, na afisa akamwashiria asubiri. Yeye ni mtu wa ziwa hili, hakuhitaji kuelezwa. Mtu akifa, jirani analia, rafiki analia, mgeni anayepita naye analia akitaka. Lakini kichwa kinanyolewa na watu wa marehemu tu. Hakuna anayenyoa kwa heshima. Ukinyoa, umejitangaza kuwa wa ukoo, na ukoo una madai juu yako na wewe una madai juu yake.

"Kwa nini mlinyoa kwa Mzungu?"

"Bibi yangu ndiye aliyesema. Alisema mtu aliyezaliwa juu ya maji, kitovu chake kikaenda na mto, hana kwao pa kumlilia. Hata huo mji aliokuwa akiutaja hakufika. Basi alipokufa, nyumba yetu ilinyoa."

"Nani aliwanyoa?"

"Mama yangu. Pale kwenye mwamba, wembe mmoja."

"Walionyoa wako wapi?"

Bibi Minza aligeuka akawaita kwa majina. Walisimama wazee, wanawake kwa wanaume, wengine wakiinuliwa. Alisimama pia mzee mmoja mwenye upara unaong'aa, na mtu akamwambia aketi, hana ushahidi. Akajibu, "Siku ile nilikuwa nazo." Afisa mwenyewe alicheka. Kisha akaandika majina yao wote, mmoja mmoja, chini ya neno wafiwa.

Akawauliza kama wanaridhia kaburi lihamishwe. Wakasema hawaridhii. Mwakilishi alieleza kwamba kampuni ingejenga kaburi zuri zaidi makaburini, lenye vigae. Bibi Minza akasema Bruda alishahama vya kutosha.

Jambo moja alilolisema afisa wakati tunatembea kurudi kwenye gari nimelihifadhi. Aliniambia kama wangemletea habari kuwa marehemu ni mtu mashuhuri wa mji fulani Ufaransa, angelazimika kuwaandikia watu wa mji huo kuomba ridhaa yao, na watu walio mbali hukubali upesi. Labda wangemtaka hata mifupa yake wakaizike kwao. Nikaukumbuka mstari wa chaki uliofutwa.

Ikabaki habari ya njia. Ramani ilibadilishwa ili kaburi libaki, na sheria inasema wafiwa wasizuiwe kulifikia. Kaburi lilikuwa karibu na maji, kwa hiyo njia ilibidi ikate eneo la kiwanda tangu barabarani mpaka mwaloni. Mwakilishi alisema kijia cha mtu mmoja kinatosha. Afisa akamuuliza Bibi Minza maoni yake.

"Mfiwa haendi kaburini mikono mitupu," alisema. "Huenda na beseni kichwani. Na anayekwenda hukutana na anayerudi."

Afisa alimtazama, akatazama mchanga uliofunikwa na dagaa, akaandika upana wa wanawake wawili wenye mabeseni wanaopishana.

Nilimaliza jiwe wiki ile. Niliandika: BRUDA REMI, FUNDI WA MITUMBWI, ALIZALIWA JUU YA MTO SEINE, KABLA YA KUFIKA ROUEN. Niliposoma kwa sauti Mabula alisema ni mara ya kwanza kuona kaburi linaloeleza mahali ambapo mtu hakuzaliwa. Hata hivyo hakupinga. Alikuwa na shughuli nyingi, akipima uzio kuhakikisha kampuni haibani njia hata kwa unyayo.

Mama Odile alinitumia kitabu kilipochapishwa. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, na ilinichukua muda. Mtengeneza kengele yumo, mchora samaki yumo, mpishi wa meli yumo. Bruda Remi hayumo. Lakini mwanzoni, mahali ambapo mwandishi huwashukuru waliomsaidia, ametajwa Bibi Minza wa Nyakasela. Nilikwenda kumwonyesha. Aliuliza kama watu wote katika kitabu hicho walizaliwa Ruani. Nikasema wote, isipokuwa yeye.

Kiwanda kipo. Ukienda asubuhi utaona malori ya barafu yakiingia lango kubwa, na pembeni, katikati ya nyua mbili za seng'enge, wanawake wa Nyakasela wakishuka na kupanda na mabeseni yao. Mwanzoni kampuni ilikuwa ikibadilisha walinzi mara kwa mara. Mmoja alikuja akitokea Singida, hajui habari za pale, na siku ya kwanza aliwasimamisha.

"Mnakwenda wapi?"

"Msibani," walisema.

Akawapa pole na kuwapisha. Kesho yake wakapita tena, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata, wakienda na mabeseni matupu na kurudi yamejaa. Mwishowe alimzuia Bibi Minza, aliyekuwa mbele.

"Mama yangu, samahani. Huu msiba wenu utaisha lini?"

"Dagaa wakiisha," alisema Bibi Minza, akapita.